Somo la 8: Masazo Yana Mwenyewe

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 16:11–30, Walawi 7:15–18, 19:9, 10, Ruthu 2:1–18, Yohana 6:1–13, 27, 37–39, 1 Wakorintho 11:17–34, 2 Wakorintho 8:13–15.

Fungu la Kukariri: Yohana 6:12. Likariri moja kwa moja kutoka katika Biblia yako, na ukiangalie kwa makini kitenzi cha mwisho katika agizo la Yesu. Tutakirudia Jumatatu.

Msimu wa mavuno ukifika, malori ya mahindi hupanga foleni hapa Ruhuwiko kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mahindi hupimwa unyevu, hupimwa uzito, huandikwa kitabuni. Hakuna anayefanya mchezo na gunia. Jioni ile ile, katika nyumba ya mmoja wetu isiyo mbali na hapo, ugali uliobaki jana unamwagwa nyuma ya jiko pamoja na maharage yaliyochacha, na hakuna aliyepima wala aliyeandika.

Mtu wa Ruvuma, mkoa unaolisha mikoa mingine, anaweza kudhani kwamba habari ya kupoteza chakula ni ya watu wa mbali, wenye majokofu makubwa na hoteli za kitalii. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa chakula kipatacho tani bilioni 1.05, na kwamba sehemu sita katika kila kumi zilitupwa majumbani. Kwa hiyo jambo hili ni la jikoni, na jikoni kila mmoja wetu anayo.

Hata hivyo juma hili hatujifunzi matumizi ya nyumbani peke yake. Kuna jambo katika Maandiko ambalo kwa mtazamo wa kwanza linagongana. Jangwani, Bwana aliwakataza watu wake kubakiza chakula hadi asubuhi. Ng'ambo ya bahari ya Galilaya, Bwana yule yule aliagiza mabaki yakusanywe kwa uangalifu. Tutayaweka maagizo haya mawili pamoja na kuuliza yanataka nini katika nyumba zetu na katika meza ya kanisa.

*Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Pishi kwa Kila Kichwa

Soma Kutoka 16:16–24. Ni nani walioambiwa wakusanye, na kwa kipimo gani? Ni nini kilichowapata waliobakiza siku za kawaida, na kwa nini hakikuwapata waliobakiza siku ya sita?

Agizo la mana lilikuwa na kipimo: pishi moja kwa kila mtu, kwa hesabu ya watu waliomo hemani. Wengine hawakuamini kwamba kesho itakuja na chakula chake. Wakaficha kidogo. Asubuhi kikawa kimeingia mabuu na kinanuka, na Musa akakasirika. Lakini siku ya sita walikusanya mara mbili, wakaoka na kutokosa kwao siku hiyo, wakaweka kilichosalia hadi asubuhi ya Sabato, nacho hakikunuka. Mana ilikuwa ile ile, vyombo vile vile, jua la jangwani lile lile. Kilichotofautiana ni sababu ya kubakiza. Siku za kawaida mtu alibakiza kwa hofu. Siku ya sita alibakiza kwa kutii.

Hapa pana neno kwa mpishi wa nyumbani. Wengi wetu tunapika kwa macho. Unga unamiminwa mpaka mkono unasema basi, na mkono wenyewe ulijifunza kazi hiyo wakati nyumba ina watu kumi, nao sasa wamebaki wanne. Kila jioni kinabaki kipande cha ugali ambacho hakuna aliyekikusudia. Ukichukua kikombe kimoja, ukakiweka ndani ya ndoo ya unga na kuhesabu vikombe kwa vichwa, baada ya juma moja utajua pishi ya nyumba yako. Ni jambo dogo, wala halihitaji fedha.

Lakini si jambo jepesi, na walimu wa vikundi wasilipite haraka. Mama anayepika kwa kipimo huogopa kuitwa mchoyo. Kwetu sufuria huwa na sehemu ya mgeni asiyetazamiwa, na ni aibu mgeni kukuta ukoko mtupu. Je, Kutoka 16 inatuambia tuiondoe sehemu hiyo? Hapana. Aya ya 16 haisemi kila mtu ajipimie. Inasema kila mmoja awakusanyie walio hemani mwake. Kipimo cha pishi hakikuwekwa ili watu wapate kidogo. Kiliwekwa ili bibi kizee asiyeweza kuinama na mtoto asiyejua kuokota wapate sawa na kijana mwenye nguvu. Mgeni naye ni kichwa. Ukiishi mahali ambapo wageni huja, mhesabu. Asipofika, ujue mapema sehemu yake itakwenda wapi kabla haijachacha.

Paulo aliielewa hivyo. Soma 2 Wakorintho 8:13–15. Alipotaka Wakorintho wachangie maskini wa Yerusalemu, alichukua habari ya mana na kuitumia kuhusu usawa: wingi wa huyu usaidie upungufu wa yule. Kwa Paulo, hesabu ya pishi ilikuwa hesabu ya upendo.

*Katika nyumba yako, ni nani anayeamua kiasi cha kupika? Ni hofu gani, au ni heshima gani, inayoongoza mkono wake?*

JUMATATU

Vikapu na Makanda

Soma Yohana 6:1–13. Yesu alitoa agizo la kukusanya vipande wakati gani, na watu walikuwa katika hali gani?

Mikate ilikuwa ya shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini. Filipo alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya fedha na kuona haitoshi. Andrea alimleta kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili, akaongeza kwamba havifai kitu kwa wingi wa watu kama ule. Yesu akawaketisha kwenye majani, akashukuru, akagawa. Walikula kadiri walivyotaka. Walishiba. Ndipo, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na njaa tena, likaja agizo la kuinama na kuokota.

Fikiri jinsi agizo hilo lilivyokuwa geni. Yule ambaye ameumba mikate kwa maelfu ya watu ana haja gani na makombo? Kama kesho atahitaji mikate mingine, ataifanya. Sisi huokota kwa sababu tunaogopa kupungukiwa, na ndiyo maana mwenye shamba kubwa mara nyingi hutupa zaidi kuliko mwenye shamba dogo. Yesu hakuwa na sababu hiyo hata kidogo. Kwa hiyo mtu hawezi kusema, "Mimi ninacho cha kutosha, agizo hili halinihusu." Lilitolewa penye wingi.

Angalia pia walioambiwa waokote. Marko 6:36 inatuambia kwamba wanafunzi ndio waliotaka makutano waagwe wakajinunulie chakula. Sasa ni wao wanaopita katikati ya watu wale wale, kila mmoja na kikapu, wakitazama miguuni pa kila familia. Yohana hasemi vipande hivyo vilikwenda wapi. Wahubiri wengine hujaza pengo hilo kwa hadithi nzuri. Mimi naona afadhali tuliache kama lilivyo.

Tukio la pili la kulisha makutano, lile la watu elfu nne, linasimuliwa katika Mathayo 15:32–39. Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, imetunza tofauti ambayo wengi hawaioni: mara ya kwanza ni vikapu kumi na viwili, mara ya pili ni makanda saba. Katika Kiyunani pia ni maneno mawili. La kwanza, *kofinos*, ni kikapu ambacho Myahudi alizoea kusafiri nacho. La pili, *spiris*, ni kapu kubwa. Ndilo neno linalotumika katika Matendo 9:25, pale Sauli alipoteremshwa ukutani Dameski. Kapu la kubeba mtu mzima! Matukio mawili, vyombo tofauti, na mara zote mbili kilichosalia kilikusanywa.

Sasa soma Yohana 6:27 na 6:37–39. Linganisha na aya ya 12.

Kitenzi ulichokiangalia katika fungu la kukariri kinarudi. Katika aya ya 12 Yesu hataki kitu kipotee. Katika aya ya 39 anasema mapenzi ya Baba ni kwamba katika wote aliopewa asimpoteze hata mmoja. Katika Kiyunani ni kitenzi kimoja, na Kiswahili chetu kimekihifadhi: kupotea, kupoteza. Katikati, aya ya 37, anaahidi kwamba ajaye kwake hatamtupa nje. Yohana amesimulia habari ya vipande kisha, katika sura ile ile, akatuonyesha moyo uliotoa agizo lile. Mkono uliokusanya makombo ya shayiri ni mkono unaowakusanya watu ambao wengine wamekwisha kuwahesabu kuwa masazo: aliyeanguka na kuona haya kurudi kanisani, mjane ambaye watoto wake hawapigi simu, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam bila kitu.

Simaanishi kwamba anayetupa ukoko wa wali hawezi kumpenda mwenye dhambi. Lakini desturi za mikono hufundisha moyo. Mtoto anayekua akiona kitu kikitupwa mara kinapopungua thamani, siku moja atakutana na mtu aliyepungua thamani.

*Ni nani katika kanisa lenu ambaye, kama Yesu angepita leo na kikapu, angeanza naye?*

JUMANNE

Alichosaza Ruthu

Kitabu cha Ruthu kinaanza na njaa katika Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Watu wa Ungoni hawahitaji maelezo marefu kuhusu nyumba ya mkate iliyokosa mkate. Wengi wetu tumefika pale Makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari 27 Songea hukumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kamba haikuua wengi kama njaa. Jeshi la kikoloni lilichoma vijiji, likateketeza mazao na akiba, likaifanya njaa kuwa silaha. Wazee waliozaliwa na waliookoka njaa ile hawakuvumilia kuona punje chini. Kama babu au bibi yako alikuokotesha mahindi uani punje kwa punje, sasa unajua huenda alifundishwa na nani.

Soma Ruthu 2:14–18. Ruthu alifanya nini na chakula alichosaza?

Boazi alimkaribisha mezani, akampa bisi. Alikula, akashiba, akasaza. Aya ya 18 inamalizia jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: alipofika nyumbani alitoa kile alichosaza baada ya kushiba, akampa Naomi. Ruthu mwenyewe alikuwa na njaa, amefanya kazi tangu asubuhi, na sahani ilikuwa yake. Hata hivyo alipokuwa akila, tayari alikuwa akimwona mama mkwe wake. Kiporo kile kilikuwa na mwenyewe kabla hakijawa kiporo.

Kuna mazungumzo ambayo husikika jikoni kwetu, kati ya mkamwana na mama mkwe, na mengine yake hayapishani sana na ya Ruthu na Naomi.

"Mama, ugali huu niwamwagie kuku?"

"Subiri kwanza, mwanangu. Bibi wa nyumba ya pili moto wake nimeuona jana tu. Leo sijaona moshi."

"Nimpelekee ugali wa jana, mama? Si ataona tunamdharau?"

Swali hilo la mwisho ni la haki kabisa, na Biblia inalijibu. Soma Walawi 19:9, 10. Mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba lake. Hakuambiwa awape maskini mahindi yaliyooza baada ya kujaza ghala. Pembe ya shamba ni nafaka nzuri, imesimama, sawa na ile iliyo katikati. Na Boazi alikwenda mbele zaidi: aliwaagiza vijana wachomoe masuke katika matita makusudi, wayaache chini (Ruthu 2:16). Kumpa jirani kitu ambacho wewe mwenyewe usingekila ni kumgeuza kuwa pipa la taka. Kwa hiyo sehemu ya bibi huyo hupakuliwa mwanzoni, ikiwa moto, kwenye sahani yenye kifuniko. Kilichobaki baada ya watu wa nyumbani kushiba, wa nyumbani wenyewe wakile kesho asubuhi na chai.

Na kuku? Kuku wana sehemu yao nyingi: pumba, maganda ya viazi, majani ya nje ya kabichi. Maganda mengine yakichanganywa na majivu kidogo na majani makavu katika shimo nyuma ya nyumba huwa mbolea ya bustani ya chainizi na matembele. (Kila ninapofundisha somo hili mtu huuliza kama ni halali kumpa makombo jirani mfuga nguruwe. Swali hilo nawaachia wazee wa kanisa.)

JUMATANO

Kisichopaswa Kuliwa

Soma Walawi 7:15–18. Kwa nini Mungu aliamuru nyama fulani iteketezwe?

Yupo mama ambaye, akisikia masomo ya Jumatatu na Jumanne, atarudi nyumbani na kuilisha familia chakula kilichoharibika, akisema Yesu hakutaka kitu kipotee. Hilo silo agizo. Sadaka ya shukrani ililiwa siku ile ile. Sadaka ya nadhiri siku mbili. Iliyofika siku ya tatu ilichomwa. Mungu anayekataza kupoteza ndiye aliyeweka mwisho wa kula.

Tafakari kidogo juu ya siku hiyo moja ya sadaka ya shukrani. Familia iliyomchinja ng'ombe haiwezi kummaliza kwa siku moja. Sheria iliwalazimu wawaite wengine. Muda mfupi wa kula uliigeuza shukrani ya mtu mmoja kuwa karamu ya mtaa.

Kwetu hatari kubwa haiko kwenye nyama. Iko kwenye mahindi. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, hasa mahindi na karanga. Sumu hiyo haionekani kwa macho kila mara, na kupika hakuiondoi. Kuku aliyelishwa mahindi yenye ukungu anaweza kudhurika, na sumu ikafika kwenye mayai. Ng'ombe akiyala, sumu inapita kwenye maziwa. Kwa hiyo mahindi yaliyoota ukungu hayaliwi, hayapewi mifugo, na wala hayauzwi kwa mtu mwingine. Huyo wa kuyauza ndiye ninayemwogopa zaidi, maana anaokoa fedha yake kwa maini ya mwenzake.

Basi kutopoteza mahindi huanza shambani na sebuleni, muda mrefu kabla ya jikoni. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakauke kabisa kabla ya kufungwa. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko ile isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa, huwaua wadudu bila dawa kama ikifungwa vizuri.

Hili linagusa pia dona, ambalo sisi Waadventista tumelihimiza sana, na kwa sababu njema. Tangu nuru ya afya aliyopewa Ellen White mwezi wa Juni 1863, kanisa hili limefundisha chakula sahili, karibu na jinsi Mungu alivyokiumba. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo vitamini na nyuzinyuzi. Tunabaki na weupe. Lakini dona litokane na mahindi safi, yaliyochambuliwa kwa mkono. Ukungu hukaa zaidi katika sehemu za nje, hivyo dona la mahindi mabaya ni baya kuliko sembe yake, ingawa sembe yake nayo haifai.

Wali na maharage yaliyopikwa yasikae mezani usiku kucha katika joto. Yapoe upesi, yafunikwe, yachemshwe tena mara moja tu hadi yatoe mvuke kote. Yakitoa harufu ya uchachu, yaende shimoni, na usijute.

ALHAMISI

Meza ya Korintho

Soma 1 Wakorintho 11:20–22, 33, 34. Dhambi ya Wakorintho mezani ilikuwa nini?

Walikuwa na chakula cha pamoja, kama sisi. Waliowahi walikula wakashiba na kupita kiasi. Waliochelewa, huenda watumwa na vibarua wasiotawala saa zao, walikuta vyombo vitupu. Paulo anasema hilo ni kulidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu.

Tuseme ukweli kuhusu meza zetu, kwenye makambi na kwenye Sabato za wageni. Sufuria zetu huwa nyingi. Sahani ya kwanza hujazwa hadi wali unadondoka, hasa ya mtoto, ambaye atakula robo na kukimbilia wenzake. Jioni mashemasi wa kike, waliosimama tangu alfajiri na kuyakosa mahubiri yote, humwaga ndoo kwa ndoo. Na yupo dada ambaye baada ya baraka ya mwisho huchukua watoto wake na kuondoka upesi kwa njia ya nyuma, kwa sababu hakuleta sufuria. Kwa meza hiyo tumepoteza chakula na tumempoteza yeye, na ndoo inayomwagwa jioni ilikuwa na sehemu yake.

Makanisa mengine yamejaribu mambo ambayo hayana gharama. Sahani ndogo, na ruhusa ya wazi ya kurudi mara ya pili. Mtoto kupakuliwa nusu. Sehemu ya wagonjwa na wazee wasiotoka kutengwa kabla meza haijafunguliwa, kama pembe ya shamba, na vijana kuipeleka ikiwa moto. Dorkasi kuacha kusoma orodha ya waliochangia. Na mashemasi wanaume kushika ndoo na sufuria, ili mama zetu nao wasikie neno. Hili la mwisho nimeona likipingwa zaidi kuliko yote.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Siku ya Maandalio

Leo ndiyo siku ambayo jiko la Mwadventista lina utaratibu wake. Kutoka 16:23 inatupa kiporo kilichobarikiwa: kilichopikwa siku ya sita, kikawekwa, kikaliwa Sabato bila moto mpya na bila kunuka. Maharage yakilowekwa tangu Alhamisi usiku huiva Ijumaa kwa muda mfupi zaidi na mkaa mchache zaidi. Yakiisha kuchemka vizuri kwa nguvu, sufuria yenye mfuniko ikitiwa ndani ya kapu lililotandikwa mablanketi makuukuu na kufunikwa kwa mto mnene, hayo yataendelea kuiva yenyewe bila jiko. Mama mwenye kapu hilo huoga kabla ya jua kuzama.

Mkaa nao una hesabu yake mbele za Mungu. Kila gunia linaloingia Songea kwa baiskeli au bodaboda lilikuwa miti ya miombo. Kumbukumbu la Torati 20:19, 20 iliwakataza Waisraeli kuangamiza miti ya matunda hata wakati wa vita. Serikali yetu katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Wengi wetu hatujafika kwenye gesi, au tunayo na tunaiogopa bei ya kujaza mtungi. Kuloweka na kufunika tunaweza leo.

Katika historia ya kanisa letu kuna kiporo kimoja maarufu. Husimuliwa kwamba mwaka 1894 huko Battle Creek, Michigan, Dk. John Harvey Kellogg na ndugu yake Will walikuta ngano iliyopikwa kwa ajili ya wagonjwa imekaa muda mrefu kupita ilivyokusudiwa. Badala ya kuimwaga waliipitisha kwenye mashine ya kusukumia, na kila punje ikatoka kuwa kipande chembamba. Kutokana na kazi hiyo zikaja nafaka kavu za asubuhi zinazouzwa leo duniani kote. Somo hili halikuahidi utajiri huo, lakini linafaa kusimuliwa kwa watoto wakati wa kuosha vyombo.

Maswali ya Kujadili:

Wapeni nafasi wanaopika katika kikundi chenu wazungumze kwanza, na wanaoletewa chakula mezani wasikilize. Ni chakula gani hutupwa mara nyingi zaidi nyumbani mwao, na ni siku gani ya juma?

Mtu mmoja anasema, "Yesu mwenyewe alifanya wingi uliosalia, kwa hiyo kubakiza ni baraka." Mwingine anajibu, "Mana iliyobakizwa ilinuka." Kwa kutumia Kutoka 16 na Yohana 6, mngewasaidiaje kuelewana?

Soma tena Ruthu 2:14–18. Kuna tofauti gani kati ya kumpa jirani sehemu yako na kumpa kile usichokitaka? Jirani mwenyewe huitambuaje tofauti hiyo?

Kabla ya kufunga kwa sala, tajeni kwa upole, na kama kuna haja bila jina, mtu aliyekuwa akiketi katika kikundi hiki na sasa haji. Ni nani kati yenu atakayekwenda kwake Sabato hii alasiri, na atabeba nini?